Septiki kwenye kiwanja kigumu: namna ya kuchagua mfumo kabla hujachimba

Maswali ni yale yale, yanabadilisha nguo tu. "Kiwanja changu kina maji juu, niweke tangi la lita ngapi?" "Nimechimba mita moja nikagonga mwamba, nifanyeje?" "Shimo la jirani linafurika kila masika, langu litapona?" Karibu kila anayeuliza anataka atajiwe tangi la kununua. Jibu langu huanza mbali kidogo: tangi ndiyo sehemu rahisi. Kazi yake ni kushika uchafu mzito na mafuta. Ukimwaga lita mia ndani, lita mia zinatoka upande wa pili, na bado ni maji machafu. Ugumu uko kwenye swali moja: hayo maji yanakwenda wapi?

Kwenye kiwanja chepesi udongo unalijibu swali hilo wenyewe. Kwenye kiwanja kigumu lazima uuhoji kwanza, na ndiyo maana hatua nyingi hapa chini ni za kupima, si za kujenga. Kwa kiwanja kigumu nakusudia chenye maji ya ardhini karibu, mfinyanzi usionyonya, mwamba, mchanga unaopitisha maji upesi mno, mteremko mkali, eneo dogo, au mafuriko. Mara nyingi yanakuja mawili au matatu kwa pamoja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jembe, sururu na koleo, na mtu wa pili. Usichimbe peke yako.
- Tepu ya kupimia, rula, vigingi na kamba.
- Mpira wa plastiki unaoonyesha maji ndani, mita 10 hadi 15, wa kupimia usawa wa ardhi.
- Maji ya kutosha: jerikeni kadhaa za lita 20.
- Kokoto ndoo moja, daftari, na simu yenye saa.
- Idadi ya watu ambao nyumba inaweza kulaza, si wanaolala humo leo.
- Kanuni za mamlaka inayotoa kibali cha ujenzi kwenu. Vipimo nitakavyovitaja ni vya kawaida katika kazi hii. Za kwenu zikidai zaidi, fuata za kwenu.
- Siku tatu au nne, ikiwezekana wakati wa mvua. Kiwanja hudanganya sana kiangazi.

Nadharia utakayohitaji ni hii tu. Maji yakishuka taratibu kwenye udongo usiojaa maji, wenye hewa, vijidudu vya udongoni hula uchafu na vimelea vya maradhi hunaswa njiani. Udongo uliolowa chapachapa hauna hewa, kwa hiyo haufanyi kazi hiyo. Ndiyo maana chini ya mitaro ya kunyonya, yaani mitaro yenye kokoto na mabomba ya matundu inayoyapeleka maji ya tangi udongoni, tunataka angalau mita 1.2 za udongo usiojaa maji kabla ya kufika kwenye maji ya ardhini au mwamba. Iandike namba hiyo juu ya daftari lako, tutairudia.

Hatua ya 1: Kitembelee kiwanja siku mbili baada ya mvua kubwa

Angalia maji yaliposimama. Matete na mafunjo yakiota yenyewe mahali, hapo maji hayako mbali. Angalia maji ya mvua ya mwenye kiwanja cha juu yanapita wapi, kwa sababu yakipita kwenye mitaro yako yatakuwa mzigo wako.

Kisha waulize wenye visima vya jirani maji hukaa kina gani masika na kina gani kiangazi. Kama kisima ni cha wazi, omba upime mwenyewe kwa kamba yenye jiwe. Kinachokuhusu ni kile kina kifupi, cha masika. Septiki iliyochaguliwa kwa kipimo cha kiangazi ndiyo ile utakayoikuta inafurika kila mwaka mwezi ule ule.

Hatua ya 2: Chimba mashimo ya uchunguzi na usome rangi

Chimba mawili au zaidi kwenye eneo unalofikiria kuweka mitaro, kila moja hadi mita 2, au mpaka maji au mwamba ukuzuie. Chimba kwa ngazi, upande mmoja ukishuka taratibu.

*Onyo:* shimo lenye kuta wima likizidi urefu wa kiuno linaweza kumfukia mtu kimya kimya, hasa kwenye mchanga au udongo uliolowa. Tandaza udongo unaotoka kwa mpangilio wa kina chake, usome ukiwa juu.

Tafuta mambo matatu.

Rangi. Udongo mwekundu au wa kahawia ulio sawasawa unaonyesha kwamba hewa inafika. Ukianza kuona kijivu chenye madoa ya rangi ya kutu, kama mtu aliyedondosha chai kwenye majivu, hapo maji husimama sehemu ya mwaka. Pima kina cha doa la kwanza. Hata kama shimo ni kavu kabisa siku hiyo, kina hicho ndicho cha maji ya masika. Kipimo hiki nakithamini kuliko maneno ya muuzaji yeyote wa kiwanja.

Mkono. Loweka konzi ya udongo, uufinyange. Mchanga haushikani. Tifutifu hutengeneza kijiti kifupi kinachokatika. Mfinyanzi unauviringisha ukawa uzi mrefu, ukaukunja ukawa pete bila kupasuka. Ukipata pete, tarajia shida katika hatua ya 3.

Maji. Funika shimo kwa mbao imara ili mtoto au mnyama asitumbukie, liache usiku kucha, asubuhi pima maji yaliyoingia.

Hatua ya 3: Pima jinsi udongo unavyonyonya

Hapa usikimbie, maana ukubwa wa mitaro yote unatoka kwenye namba hii. Kipimo kifuatacho ni cha kanuni za ujenzi za Uingereza; kwingine hesabu ni ya dakika kwa inchi, lakini mantiki ni moja.

a) Kwenye kina ambacho bomba la mitaro litalala, chimba kishimo cha mraba cha sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 30. Kwangua kuta kwa msumari ili zisiwe laini, ondoa udongo uliolegea, tandaza kokoto kidogo chini.

b) Kijaze maji hadi juu, ukiache usiku kucha yaishe. Usipokiloweka, utakuwa umepima kiu ya udongo mkavu, si uwezo wake.

c) Asubuhi kijaze tena. Pima sekunde maji yanazotumia kushuka kutoka robo tatu ya kina hadi robo moja, yaani milimita 150.

d) Gawa sekunde kwa 150. Rudia mara tatu, kwenye vishimo viwili au zaidi, uchukue wastani.

Tuseme maji yametumia dakika 75. Hizo ni sekunde 4,500. Gawa kwa 150, unapata 30. Kati ya 15 na 100 mitaro ya kawaida inawezekana. Chini ya 15 maji yanakimbia mno, hayasafishwi. Juu ya 100 udongo umekataa.

Eneo la sakafu ya mitaro ni: idadi ya watu × namba hiyo × 0.25. Kwa watu 5 na namba 30, ni mita za mraba 37.5. Mtaro ukiwa na upana wa sentimita 60, unahitaji urefu wa mita 62.5, tuseme mitaro minne ya mita 16. Kati ya mtaro na mtaro acha mita 2 za ardhi isiyoguswa. Kwa hiyo pima kipande cha mita 16 kwa karibu mita 8.5, ukipigie vigingi, ukiangalie. Wengi hugundua hapo, kwa mara ya kwanza, kwamba nyumba waliyoichora imeshakula nafasi ya mitaro.

*Kosa la kawaida:* kupima kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi. Nyufa zinameza maji kwa dakika chache, mwenye kiwanja anafurahi, na mvua ya kwanza udongo unavimba na kufunga kabisa. Udongo wa aina hiyo uloweke siku mbili au tatu kabla ya kupima.

Hatua ya 4: Chora umbali

Chukua karatasi, chora nyumba, mipaka, visima (pamoja na vya jirani), mito na barabara. Kutoka kwenye mitaro ya kunyonya acha mita 50 hadi kisima cha maji ya kunywa, mita 10 hadi mto au mfereji, mita 15 hadi nyumba, mita 2 hadi mpaka. Tangi lenyewe likae mita 7 kutoka nyumba. Zipo kanuni zinazokubali mita 30 kutoka kisima. Mimi naipunguza ile 50 pale tu udongo ni mzuri na kisima kiko upande wa juu wa mteremko.

Usisahau gari la kunyonya majitaka. Liweze kusimama ndani ya mita 30 kutoka kwenye tangi, na tangi lisiwe chini zaidi ya mita 3 kutoka linaposimama. Tangi zuri lisilofikiwa na gari halitanyonywa.

Hatua ya 5: Hesabu maji, kisha yapunguze

Ukubwa wa tangi: lita 150 × idadi ya watu, ongeza 2,000. Kwa watu 5 ni lita 2,750. Ukilizidisha kidogo si vibaya, ila tangi kubwa haliponyi udongo usionyonya. Litachelewesha tu.

Kinachosaidia kwenye kiwanja kigumu ni kupunguza maji yanayoingia. Choo cha zamani kinaweza kumwaga lita 13 kila kikivutwa, cha kisasa 6. Watu 5 wakivuta kila mmoja mara tano kwa siku, tofauti ni lita 175 kila siku, bila kuchimba chochote. Na maji ya paa yasiingie kwenye septiki kabisa. Yaelekeze mbali na mitaro pia.

Hatua ya 6: Oanisha tatizo na mfumo

Sasa fungua daftari. Unayo kina cha maji, kina cha mwamba, namba ya unyonyaji, mteremko na nafasi iliyobaki.

*Maji ya ardhini yako juu.* Kama hupati zile mita 1.2 chini ya mitaro, usiende chini, panda juu. Mfumo unaofaa ni tuta la mchanga. Mbinu hii ilianza North Dakota, Marekani, miaka ya 1940, ikaboreshwa na Chuo Kikuu cha Wisconsin miaka ya 1970 kwa ajili ya maeneo ambayo mitaro ilishindikana. Unafyeka majani, unatifua ardhi kidogo kufuata usawa bila kuondoa udongo wa juu, unamwaga mchanga safi, juu yake kokoto na mabomba yenye matundu, kisha unafunika kwa udongo na kupanda nyasi. Kimo cha mchanga ni kile ambacho ardhi imekunyima: doa la kutu likiwa sentimita 60 chini, mchanga unakuwa sentimita 60 kutimiza 1.2.

Tuta liwe refu na jembamba kufuata usawa, si mraba. Linahitaji pampu inayosukuma maji kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, ili mchanga upate muda wa kupumua. Na mchanga uwe safi kweli. Tia kiasi kwenye chupa ya maji, tikisa, iache nusu saa. Ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, rudisha lori. Huu ndio ukaguzi unaorukwa kuliko wote, na tope hilo likishaziba tuta halitoki tena.

*Mfinyanzi, namba imezidi 100.* Kosa kubwa hapa ni kuchimba shimo la kunyonya lenye kina kirefu kwa matumaini ya kukuta udongo mwepesi chini. Kwa kawaida huko chini mfinyanzi ni mgumu zaidi, na maji yako karibu zaidi. Sehemu inayonyonya ni sentimita 30 hadi 60 za juu, zilizotobolewa na mizizi na wadudu. Kwa hiyo ama unajenga tuta kama nilivyoeleza, ama unayasafisha maji kwanza halafu unayatawanya juu juu kwenye eneo kubwa. Maji yaliyosafishwa hayaufungi udongo haraka kwa ute mweusi kama yanayotoka tangini moja kwa moja.

Njia rahisi ya kusafisha ni kitanda cha matete: beseni lisilovuja, kina cha sentimita 60, limejazwa kokoto na kupandwa matete au mafunjo, maji yakipita chini ya uso wa kokoto. Hesabu mita za mraba 5 kwa kila mtu. Hakitumii umeme wala hakinuki kikijengwa sawasawa. Ila kitanda hiki kinasafisha, hakimalizi maji. Upande wa pili yanatoka, hasa masika, na lazima yawe na pa kwenda. Mahali penye jua kali na mvua kidogo, kitanda kikubwa cha mchanga chenye mimea kinaweza kuyakausha maji yote kwa jua na majani. Penye mvua nyingi usijidanganye na njia hiyo.

*Mwamba.* Kwanza tambua kama ni mzima au umepasuka. Mzima una tabia ya mfinyanzi: haunyonyi, weka tuta au kitanda chenye sakafu isiyovuja. Uliopasuka unatisha zaidi, kwa sababu unaonekana kufanya kazi vizuri. Unamwaga majitaka, yanatoweka, kila mtu anaridhika, kumbe yanakimbia kwenye nyufa bila kuchujwa na yanaweza kutokea kwenye kisima cha mtu. Kwenye mwamba wa aina hii hata mita 50 si kinga. Usitoboe shimo la kunyonya humo, hata fundi akikuhakikishia kwamba "linakunywa sana". Hasa akikuhakikishia hivyo.

*Mchanga unaokimbiza maji, chini ya 15.* Tandika mtaro kwa mchanga mwembamba zaidi, au tumia pampu ya dozi ndogo ndogo. Umbali wa kisima usipunguzwe hata hatua moja.

*Mteremko.* Mitaro ifuate usawa wa kilima, isishuke nacho. Kutafuta usawa, jaza mpira maji, shika ncha mbili: uso wa maji kwenye ncha zote uko kimo kimoja. Kila mtaro uwe na sakafu ya usawa, na maji yashuke kutoka mmoja hadi mwingine kupitia chemba. Upande wa juu chimba mfereji wa kuyakinga maji ya mvua. Mteremko ukizidi asilimia 15 hivi, mpate mhandisi aukague, kwa sababu maji yanaweza kuchungulia kilimani chini ya mitaro.

*Eneo dogo.* Una njia tatu. Ya kwanza ni kuondoa kinyesi kwenye maji, kwa choo kikavu kinachotenganisha mkojo. Yanayobaki ni maji ya kuogea na kufulia, mzigo mwepesi zaidi. Ya pili ni mtambo unaopuliza hewa ndani ya tangi. Unasafisha vizuri kwenye nafasi ndogo, ila unataka umeme mchana na usiku na fundi wa kuukagua mara kwa mara. Ya tatu ni tangi lililofungwa lisilotoa maji, linalonyonywa na gari. Kabla hujalichagua fanya hesabu hii: watu 5, lita 120 kila mmoja, ni lita 600 kwa siku. Tangi la lita 10,000 limejaa kwa siku 17. Gari litakuja zaidi ya mara ishirini kwa mwaka. Nyumba inayokaliwa siku chache tu kwa mwaka inaweza kulimudu. Familia inayoishi humo itachoka, na siku moja mtu atatoboa tangi kimya kimya usiku.

*Mafuriko.* Weka kila kitu sehemu ya juu kabisa ya kiwanja, inua mifuniko ipite kimo cha mafuriko yanayokumbukwa, funga valvu ya kuzuia maji kurudi nyumbani, na pandisha nyaya na swichi za pampu. Kama hakuna sehemu ya juu, choo kikavu kilichoinuliwa kinashinda septiki yoyote.

Hali zikigongana, fuata ile inayohusu maji ya kunywa kwanza. Na kati ya mifumo inayofaa, chukua iliyo rahisi zaidi: unaoteremsha maji yenyewe kabla ya wenye pampu, wenye pampu kabla ya wenye mtambo wa hewa. Anayekuuzia mtambo muulize: umeme ukikatika siku tatu nini kinatokea? Nani atauhudumia mwaka wa tano? Na maji yanayotoka yanakwenda wapi? Akisema yanatoka masafi kwa hiyo hayana shida, hajakujibu.

Hatua ya 7: Chagua tangi

Sasa ndiyo zamu ya tangi. Liwe na vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili ya ujazo. Bomba la kuingilia liwe juu ya la kutokea kwa sentimita 5 hadi 7.5, yote yakiwa na umbo la T ndani ili utando wa mafuta usivuke. Likishakaa, lijaze maji, liache saa 24, uangalie kama kimo kimeshuka. Tangi linalovuja mahali penye maji ya ardhini karibu linavuja kwenda ndani pia.

Maji ya ardhini yakiwa karibu, tangi huelea. Watu hawaamini mpaka walione limechomoza ardhini, mabomba yamekatika, asubuhi ya pili baada ya kunyonywa. Tangi tupu la mita za ujazo 3 lililozungukwa na maji linasukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani 3. Zege ndani ya maji linabaki na uzito wa kama kilo 1,400 tu kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo bila kuhesabu udongo wa juu, tangi jepesi la plastiki lingehitaji zaidi kidogo ya mita 2 za ujazo za zege kulishikilia, likiwa limefungwa kwa mikanda. Mhandisi ahesabu yako. Na masika usilinyonye tangi kama hilo likabaki tupu. Mara gari likiondoka, lijaze maji.

Hatua ya 8: Simamia uchimbaji

Chukua kibali, kisha uwepo kiwanjani. Eneo la mitaro lizungushie kamba tangu siku ya kwanza ya ujenzi wa nyumba. Lori moja la matofali likipita hapo siku ya mvua, udongo unashindiliwa na vipimo vyako vyote vimekufa.

Asubuhi ya kuchimba, chukua udongo wa kina cha mtaro, uuviringishe kwenye viganja. Ukiweza kupata uzi mwembamba wa milimita 3 bila kukatika, ahirisha. Udongo umelowa, na koleo litaupaka ukuta wa mtaro kama fundi anavyopaka plasta. Ukuta unaong'aa haunyonyi. Ukikuta umeng'aa, ukwangue kwa reki kabla ya kokoto kumwagwa.

Bomba kutoka nyumbani lishuke sentimita 2 kwa kila mita. Weka chemba kwenye kila kona. Piga picha za mitaro ikiwa wazi, tepu ikionekana, uzihifadhi na mchoro.

Mambo yakienda kombo

*Kabla ya yote:* usiingie ndani ya tangi, hata lililonyonywa, hata kwa dakika moja, na usimruhusu fundi aingie. Gesi ya humo huua pua ya mtu kwanza, haisikii harufu tena, kisha humwangusha. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Familia zimepoteza watu wawili au watatu kwa shimo moja kwa namna hii.

*Maji hayashuki nyumbani.* Fungua chemba iliyo karibu na nyumba. Kama ni kavu, kizuizi kiko ndani ya nyumba. Kama imejaa, endelea na inayofuata mpaka upate iliyo kavu; kizuizi kiko kati ya hizo mbili. Zikijaa zote hadi tangini, soma mistari miwili inayofuata.

*Ardhi juu ya mitaro imelowa masika tu.* Maji ya ardhini yamepanda, au mvua inaingia. Anza na mfereji wa kukinga upande wa juu na mabomba ya paa. Usipoona nafuu, mitaro iko chini mno, inahitaji tuta.

*Imelowa mwaka mzima.* Udongo umefungwa kwa ute, au maji yamezidi. Tia rangi kwenye kitangi cha maji ya kuvuta choo, kile cha nyuma ya bakuli, na usivute. Rangi ikitokea bakulini, choo kinavuja mchana na usiku. Vitu vyote vikiwa sawa, upumzishe mtaro miezi kadhaa kwa kuelekeza maji kwenye mwingine. Dawa za kumwaga chooni hazifungui udongo uliofungwa.

*Tangi limenyonywa, limejaa tena kesho yake.* Kwanza jua kwamba tangi zima siku zote huwa limejaa hadi kwenye bomba la kutokea, hilo si tatizo. Kama limepita hapo, ama maji ya ardhini yanaingia kwenye nyufa, ama mitaro inarudisha. Likiwa limenyonywa, mulika bomba la kutokea kwa tochi ukiwa juu: ukiona maji yanarudi ndani, ni mitaro.

*Matete yananyauka.* Angalia kimo cha maji kwenye kitanda. Machanga yanahitaji maji yafike karibu na uso wa kokoto mpaka mizizi ishuke. Maji yakitanda juu ya kokoto upande wa kuingilia, tope limetoka tangini. Nyonya tangi, kisha osha au badilisha kokoto za mwanzo.

*Hujui kama ni wakati wa kunyonya.* Funga taulo kuukuu nyeupe kwenye mti mrefu, uushushe mpaka chini ukiwa umesimama nje ya tangi, uache dakika chache, uutoe. Tope litaacha doa jeusi. Doa hilo pamoja na unene wa utando wa juu vikifika theluthi moja ya kina cha maji, ita gari. Kwa nyumba nyingi hutokea kila baada ya miaka 2 hadi 5. Andika tarehe na kipimo nyuma ya ule mchoro wa mitaro.